Mwanangu, kuhusu mabango ya mjomba wako

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama mabango ya sinema aliyokuachia marehemu mjomba wako yana bei, na kama uyauze. Nitafika huko. Kwanza niambie umeyatundika wapi, maana sebule yako ina dirisha la mashariki, na hakuna bango la kale linalostahimili jua la asubuhi la Nairobi. Tuko karibu na ikweta, tena juu milimani, mionzi ni mikali. Nyekundu na manjano ndizo hutangulia kufifia. Ukiona uso wa mwigizaji umebaki samawati na weusi, rangi hiyo imekwenda na hairudi. Tafuta ukuta wa ndani. Ukuta wa nje hunyonya unyevu wakati wa masika, na hata huo wa ndani, bandika vipande vya mpira nyuma ya pembe za fremu hewa ipite.

Fundi wa fremu mwambie atumie akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, inayochuja mionzi ya urujuanimno, si kioo. Uzito wake ni karibu nusu ya kioo, na ikianguka haivunjiki vipande vya kuchana karatasi. Lakini isiguse bango. Aweke vijiti vya kutenganisha, milimita 6 hivi, kwa sababu unyevu ukinaswa katikati, wino hugandana na akriliki na huwezi kuubandua tena. Nyuma iwe kadibodi isiyo na asidi. Bango lishikwe ukingo wa juu tu, kwa vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ili karatasi itanuke na kunywea bila kukunjamana. Selotepu, hapana. Kisichoweza kuondolewa, kisiwekwe.

Lile bango la ukumbi wa sinema wa Shan unalikumbuka. Mjomba wako alilipata wakati sinema ile ya Ngara ilikuwa bado inajaza watu kwa filamu za Kihindi. Akampelekea fundi mmoja mjini, na fundi akalibandika lote kwenye hadibodi kwa gundi nyeupe, eti linyooke. Lilinyooka. Masika yalipofika likavimba mapovu, na miaka ilivyokwenda asidi ya ule ubao ikapanda mpaka karatasi ikawa rangi ya chai. Mjomba wako hakuwahi kumlaumu. Mimi bado namlaumu. Alikuwa na kazi moja tu, asiharibu, na gundi ya ngano ingelegea kwa maji kidogo. Kisichoweza kuondolewa, kisiwekwe!

Kwa hiyo mikunjo usiiguse kwa pasi. Mabango mengi ya Marekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalisambazwa yakiwa yamekunjwa. Mkunjo si aibu. Laza bango kati ya karatasi safi zisizo na asidi, juu weka ubao bapa na vitabu, uache wiki kadhaa.

Najiambia pia kwamba bango lilichapwa litazamwe, na kulifungia kabatini ni kulinyima kazi yake. Halafu najijibu kwamba madhara ya mwanga hujumlishwa, hata ukilipumzisha hayafutiki. Sijui nani kati yetu ameshinda. Labda tundika moja kwa miezi michache, ulishushe, upandishe jingine, na yaliyobaki yalale bapa gizani.

Sasa bei. Pima kabla ya kumwonyesha mtu. Bango la kawaida la Marekani la zamani ni inchi 27 kwa 41. La Uingereza lililolala ni inchi 40 kwa 30. Ukipata 24 kwa 36, mara nyingi ni nakala ya dukani. Kisha tazama ukingo wa chini: mengi ya Marekani ya kuanzia 1940 hadi miaka ya 1980 yana tarakimu mbili za mwaka, alama ya mkwaju (/), na namba ya filamu. Herufi R mbele yake maana yake filamu ilikuwa inarudishwa sinemani, si toleo la kwanza.

Kuuza ni juu yako, nisikuamulie. Ila kama utauza, anza na yale ya Kimarekani, na ya Kihindi dadako ayaone kwanza. Haya, nimeanza kukuamulia. Nitumie vipimo, na upige picha nyuma pia, pale penye mihuri.

Mama yako