Mwalimu Anajibu: "Mwanangu anataka kuwa kama Frans Nielsen"

*Hujambo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi South B, Nairobi, na nauza nguo Gikomba. Kifungua mimba wangu ana miaka 15. Alianza kuteleza na viatu vya magurudumu nilivyovipata kwenye mitumba, vikubwa kwake, akajaza soksi mbele. Siku hizi kila akipata nafasi yuko kwenye uwanja wa barafu wa Panari. Ukutani amebandika picha ya mchezaji wa Denmark, Frans Nielsen, na anasema huyo naye alitoka nchi ambayo haikujulikana kwa hoki ya barafu akafika Marekani. Sasa amejitokeza bwana mmoja anayejiita wakala. Anataka shilingi 180,000 amtafutie mtoto majaribio huko Denmark. Sacco yetu iko tayari kunikopesha. Nitoe? Na je, mchezo huu unalisha mtu kweli?*
— Mama wa South B

Mama, usitoe hata shilingi moja. Nimeanza na hilo kwa kuwa mkopo wa sacco hutoka haraka kuliko jarida linavyofika kwa muuza magazeti.

Nimefundisha michezo katika shule za Eastlands kwa miaka 31, na kabla ya hapo nilicheza mpira wa magongo City Park. Katika miaka hiyo nimeona wazazi watatu wakilipia "majaribio" ya namna hii kwa watoto wao, wawili kwa soka na mmoja kwa riadha. Mmoja aliuza ng'ombe wawili wa maziwa. Hakuna mtoto aliyepanda ndege, na yule wa ng'ombe aliacha shule kwa aibu. Bado naumia nikimkumbuka.

Sasa mwite mwanao akae karibu, msome pamoja, maana huyo Nielsen wake ndiye shahidi wangu.

Frans Nielsen alizaliwa Aprili 1984 katika mji wa Herning, Denmark. Baba yake, Frits, aliichezea timu ya taifa na baadaye akawa kocha, kwa hiyo mtoto alikua kando ya barafu. Hapo mwanao hawezi kujilinganisha naye, na ni vizuri alijue hilo mapema. Alipofika miaka 17 alivuka kwenda klabu ya Malmö, Sweden, kwa kuwa ligi ya huko ilikuwa na ushindani kuliko ya kwao. Mwaka 2002 timu ya New York Islanders ilimchagua katika zoezi la kila mwaka ambapo timu za ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, hugawana vijana. Aliitwa wa 87. Vijana 86 walitangulia kuitwa. Hakulipa chochote, na hakuna kijana anayelipa ili aitwe: maskauti, yaani wasaka vipaji wa timu, ndio humtafuta mchezaji, wakamtazama akicheza mechi za kweli msimu mzima.

Na baada ya kuitwa? Alibaki Sweden miaka mingine minne, Malmö na kisha Timrå. Alipovuka Atlantiki mwaka 2006 aliwekwa kwanza Bridgeport, timu ya chini ambako Islanders huwaivisha wachezaji wao. Mechi yake ya kwanza ya NHL aliicheza Januari 2007, akiwa na miaka 22. Hesabu, mama. Tangu atoke nyumbani ilikuwa imepita zaidi ya miaka mitano, na huyo alikuwa na kila kitu ambacho mwanao hana. Bwana wako anaahidi kuruka ngazi zote hizo kwa shilingi 180,000.

Umeuliza kama mchezo unalisha. Nielsen ulimlisha vizuri sana. Mwaka 2016 Detroit Red Wings walimpa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 31.5. Alicheza mechi 925 za NHL na kufunga mabao 167. Lakini hata yeye, mwaka 2021, mkataba ukiwa umebakiza msimu mmoja, Detroit walimlipa sehemu ya pesa ili aondoke. Alikwenda Berlin, akatwaa ubingwa wa Ujerumani na klabu ya Eisbären mwaka 2022. Hapa kwetu hakuna ligi ya barafu inayolipa mshahara. Vijana wa Kenya Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafu, wanacheza kwa mapenzi na kwa michango, kwenye barafu ya Panari iliyofunguliwa 2005 na ambayo ni ndogo kuliko uwanja kamili wa mita 60 kwa 30. Kwa hiyo shule ibaki shule, na barafu iwe baada ya shule.

Ila usimwambie mwanao anaota. Hapo ndipo ninapokuomba uwe mpole, kwa sababu jambo moja amelielewa kuliko wewe na mimi.

Mwaka 1949, kwenye mashindano ya dunia Stockholm, Denmark ilifungwa na Canada mabao 47 kwa sifuri. Arobaini na saba. Nimefundisha timu zilizofungwa vibaya, na najua jinsi wachezaji wanavyorudi kwenye basi bila mtu kusema neno. Baada ya hapo Denmark ilikaa nje ya kundi la juu la dunia hadi 2003. Mwaka huo huo iliporudi, ikaifunga Marekani 5 kwa 2 na kutoka sare ya 2 kwa 2 na Canada. Mwaka 2022 ikafika Olimpiki kwa mara ya kwanza, Beijing, Nielsen akiwamo, ikaanza kwa kuwafunga Wacheki na kufika robo fainali. Kisha Mei 22, 2025, tena robo fainali, safari hii ya dunia, dhidi ya Canada, mjini Herning, mji ule ule aliozaliwa Nielsen. Nilifuatilia kwenye simu ya mjukuu wangu. Canada ilikuwa mbele kwa bao moja. Zikiwa zimebaki dakika mbili na kidogo, Nikolaj Ehlers akasawazisha. Zikiwa zimebaki sekunde 49, Nick Olesen akafunga la pili. Nilisimama peke yangu sebuleni, bibi wa miaka 68, nikilia kwa ajili ya nchi ambayo sijawahi kuikanyaga.

Kenya nayo ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu mwaka 2024. Mtoto wa miaka 15 akisema "siku moja", mimi namsikiliza.

Bwana huyo akirudi, mwombe jina la klabu ya Denmark na barua yenye mhuri wake, kisha upeleke barua hiyo kwa makocha wa Ice Lions waisome. Nadhani hatarudi. Ukiwa na akiba kidogo, mnunulie mtoto viatu vya barafu vinavyomtosha mguu. Soksi mbele ya kiatu zitamharibu kifundo.

*Mwalimu, tumebishana kwenye matatu ya Rongai. Mimi nasema Nielsen ndiye mchezaji wa kwanza wa Denmark katika NHL. Rafiki yangu anasema kuna mwingine alimtangulia kwa miaka mingi. Nani alipie nauli?*
— Mbishi wa Rongai

Nusu kwa nusu. Poul Popiel alizaliwa Denmark na alicheza NHL tangu miaka ya 1960, lakini alikulia Canada na hoki aliifunzwa huko. Nielsen ndiye wa kwanza aliyezaliwa, akakua na kufundishwa mchezo Denmark.

*Shikamoo Mwalimu. Tunacheza hoki ya magurudumu kwenye saruji hapa Umoja, kwa mpira wa tenisi. Nataka kujifunza ile penalti ya Nielsen. Nimeitazama mara nyingi lakini mpira unanikimbia.*
— Kijana wa Umoja

Marahaba, mwanangu. NHL ilianza kuamua sare kwa penalti msimu wa 2005-06, mchezaji mmoja dhidi ya kipa, na Nielsen alisifika kwa hilo kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Cha ajabu ni kwamba makipa walijua anachokuja kufanya. Alionyesha kwamba anapiga kwa upande wa mbele wa gongo, kipa akashuka magoti, kisha akavuta kile kisahani cha raba hadi upande wa pili wa mwili na kukiinua juu kwa mgongo wa gongo.

Kosa lako nalijua bila kukuona: unavuta mpira kabla kipa hajaamini. Bega lako ndilo linalomdanganya, kwa hiyo liinamishe kana kwamba kweli unapiga, ungoje magoti yake, ndipo uvute. Tena mpira wa tenisi unadunda, nao unahitaji mkono wa chini ulegee kuliko unavyofanya. Anza bila kipa. Weka ndoo mbili za maji kwa umbali wa gongo moja, simama katikati, vuta mpira kutoka ndoo hii hadi ile, mara hamsini kila jioni kabla ya kuoga. Ukishaweza kufanya hivyo huku ukitazama mbele badala ya kutazama mpira, niandikie tena, tuanze habari ya kuuinua.