Mgonjwa kafumbua macho, je fahamu zimerudi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda huku Morogoro, hakuvaa helmeti, sasa ni wiki ya tano yuko hospitali. Wiki tatu za kwanza alilala tu macho yamefumba, halafu akayafumbua. Anapiga miayo, analala, anaamka, ila ukimwita haitiki wala hakuangalii. Kuna mzee wa dawa za asili anasema fahamu zimelala tu, ana matone ya kutia puani yatamzindua, anataka laki nane. Ndugu wameshaanza kuchanga. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, poleni sana. Michango isimame, na puani kwa mgonjwa msitie kitu chochote. Aliyepigiza kichwa anaweza kuwa na ufa kwenye mfupa wa chini ya ubongo, pale pale juu ya pua, na matone yakipita hapo yanabeba wadudu hadi kwenye utando wa ubongo. Nimeshatibu watu walioletwa hivyo, homa kali na shingo imekakamaa.

Sasa hilo neno "fahamu zimelala". Nalisikia wodini kila wiki na linaniuma kwa sababu ndio mlango wanaoingilia hao watu. Kuna vitu viwili hapa na Kiswahili chenyewe kinavitenganisha, mtu anaweza kuwa macho na bado hajitambui. Kuwa macho ni kazi ya shina la ubongo, hicho kipande kama kidole gumba kinachounganisha ubongo na uti wa mgongo. Katikati yake kuna mtandao wa seli unaopeleka ishara juu na kuuwasha ubongo wote, watafiti Moruzzi na Magoun waliuonyesha mwaka 1949 kwa paka, walipousisimua kwa umeme mdogo mawimbi ya ubongo yakabadilika hapo hapo kutoka ya usingizi kuwa ya mnyama aliye macho. Kujitambua ni kitu kingine, hapo linahitajika gamba la ubongo huko juu pamoja na nyaya zinazoliunganisha na kitovu cha ndani tunachoita thalamasi. Chukulia mwadhini wa alfajiri, anaamsha mtaa mzima lakini kutawadha na kusali ni kazi ya waliomo ndani ya nyumba, na hata nyumba zikibomoka zote yeye adhana ataitoa tu.

Kwa ajali kama ya mdogo wako kichwa kinatikiswa na kuzungushwa kwa nguvu, nyuzi za ndani zinachanika, shina nalo linapata mshtuko. Shina mara nyingi linajirudi mapema. Ndio maana koma yenyewe, ile ya kulala macho yamefumba bila kuamka, ni nadra kuzidi wiki mbili hadi nne, mgonjwa akiishi macho yanafumbuka yenyewe, hata asipopewa chochote! Hao waganga wanaijua hiyo kalenda vizuri sana, wanakuja wiki ya tatu, wanapaka, wananusisha, macho yanafumbuka, familia inauza shamba. Na hayo matone akitiwa atapiga chafya, atatoa machozi, pengine atakunja uso na kugeuza kichwa, mtapiga vigelegele, kumbe chafya, machozi, miayo na kusaga meno vyote vinaendeshwa na shina peke yake bila mtu kujua lolote.

Ila msije mkasema basi huyu hayupo. Kosa hilo nalo nalikuta sana, tena kwa sisi wahudumu. Utafiti wa Ubelgiji uliotoka 2009 ulichukua wagonjwa 44 ambao timu zao zilikubaliana kwamba hawajitambui kabisa, wakapimwa upya kwa kipimo maalum cha kitandani na 18 wakakutwa wana dalili za kujitambua. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake kule Cambridge walimwambia dada mmoja wa miaka 23, mwenye hali kama ya mdogo wako, afikirie anacheza tenisi, na ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo wake ukafanya kazi kama wa mtu mzima wa afya. Kwa nje hakutikisa hata kidole.

Nyie mashine hiyo hamuihitaji kuanza. Chukueni kioo cha mkononi. Kuna mama mmoja alikuwa na kile kioo cha poda kimepasuka pembeni, nikamshikisha mbele ya uso wa mwanae, nikamwambia akisogeze taratibu kushoto, kulia, juu, chini. Macho yakakifuata. Kalamu yangu hayakuifuata, tochi hayakuifuata, sura yake mwenyewe yakaifuata. Jaribuni asubuhi, mchana na jioni, maana kujitambua kwa wagonjwa hawa kunapanda na kushuka, andikeni kwenye daftari siku na saa. Mkimwambia abane mkono mwambieni pia aachie, kubana peke yake kunaweza kuwa mkono unajikunja wenyewe. Na mwambieni aangalie juu, halafu chini. Wapo walioumia sehemu ya mbele ya shina, wanasikia na kuelewa kila neno lakini wamebakiwa na kope na macho ya kupanda na kushuka tu.

Daktari wenu muulizeni mambo haya: maji kujaa kichwani, kifafa cha kimyakimya kisichorusha mwili, chumvi ya damu kupungua au kuzidi, na dawa za usingizi anazopewa bado. Vyote vinaweza kuzima fahamu na vyote vinatibika. Muulizeni pia kuhusu dawa inayoitwa amantadini, utafiti wa 2012 kwa watu 184 walioumia kichwa wiki 4 hadi 16 nyuma ulionyesha inaharakisha kupata nafuu, yeye ndiye ajue kama inamfaa, msinunue wenyewe. Kwa mtu wa ajali tunasubiri mwaka mzima kabla ya kusema hali imekuwa sugu, wiki tano ni mapema.

Dua ombeni, mimi mwenyewe naomba. Ninachowasihi wote mnaosoma hapa wenye mgonjwa wa namna hii, msimtoe wodini usiku kumpeleka kwa mtu, na msimnyweshe. Uji, asali, maji ya dawa, chochote. Asiyejitambua anaweza asikohoe, kitu kinashuka mapafuni kimya kimya na ndugu wanaona amemeza. Wagonjwa wa hivi nimewapoteza zaidi kwa nimonia na vidonda vya kulalia kuliko kwa ubongo wenyewe. Mgeuzeni kila masaa mawili, alishwe kwa mpira wa puani aliowekewa hospitali tu, na mpira ukichomoka usiku iteni nesi, msiurudishe nyie.