Mfundisheni kwanza asiye na mpira

Ndugu mhariri, juma hili mmeuliza: kwa nini vijana wetu wa Goma wanapigiana pasi safi mazoezini, halafu mechi ikianza wanapoteza mpira baada ya pasi mbili? Ni kwa sababu mazoezini tunawapanga mistari miwili wakitazamana, na kila mmoja anampasia mtu yuleyule ambaye hahami. Mguu unajifunza, macho hayajifunzi kitu. Nenda tereni yoyote, kuanzia Ndosho mpaka Majengo, utaiona mistari hiyo.

Katika kabumbu, asiye na mpira ndiye anayeamua kama pasi itafika. Yeye ndiye wa kufundishwa kwanza, na kwa kazi hiyo sijaona zoezi linaloshinda watatu kwa mmoja: watatu wanapasiana, beki mmoja katikati yao anauwania mpira. Pimeni mraba wa mita 8 kwa 8. Msiweke alama za mawe ya lava, hata kama yamejaa kando ya uwanja. Mtoto akikanyaga moja akiwa mbioni, kifundo kinateguka. Kandambili kuukuu zinatosha.

Pembe tuziite A, B, C na D kwa kuzunguka. Mwenye mpira yuko A, wenzake B na D, beki katikati, C iko tupu. Kanuni ni moja: mwenye mpira awe na mtu kulia na mtu kushoto wakati wote. Mpira ukienda B, yule wa A habanduki, maana tayari ni msaada wa upande mmoja. Upande wa pili, yaani C, hauna mtu. Aliyeko D ndiye anayekimbilia C, akifuata ukingo wa mraba bila kukata katikati, na anaondoka mpira unapotoka mguuni mwa mpigaji. Akingoja mpaka wa B autulize, amechelewa: beki ameshaziba njia pekee iliyobaki.

Makosa yatajitokeza yenyewe. Mpigaji anaufuata mpira wake, wawili wanajikuta pembe moja. Mwingine anakimbia vizuri lakini anasimama nyuma ya beki, mahali ambapo pasi haipiti. Huyo asogee hatua mbili mpaka auone mpira wote. Wa tatu anaondoka kabla mwenzake hajapiga, na beki anasoma pasi kwa kumtazama yeye. Kochi asipige kelele "sogea!", kwa kuwa mtoto atasogea bila kujua aende wapi. Asimamishe mchezo, amuulize: mwenye mpira ana watu wangapi wa kuwapa? Angoje jibu.

Chezeni dakika moja na nusu, pumzikeni dakika moja, mara sita, mkibadilisha beki kila mara. Mapumziko msiyakate, kwa sababu mchovu husimama, na kusimama ndiko tunakokukimbia. Mpira ukipotea kabla ya pasi nne, panueni mraba mpaka mita 10. Wakifikisha pasi kumi bila taabu, upunguzeni uwe mita 7.

Pasi yenyewe: mguu wa kusimamia uwe kando ya mpira, vidole vikielekea kwa mwenzako, kifundo cha mguu unaopiga kikazwe, na mpira upigwe katikati kwa upande wa ndani wa mguu. Ukiupiga chini zaidi unanyanyuka, na kwenye changarawe yetu nyeusi mpira ulionyanyuka hudunda ovyo hata fundi akashindwa kuutuliza. Lengeni mguu wa mpokeaji ulio mbali na beki. Naye awe ametazama nyuma ya bega kabla mpira haujafika, mwili umekaa nusu upande.

Baadaye ingieni wanne kwa wanne, mita 30 kwa 20, kwa magoli madogo. Hapo wafundisheni kumhadaa beki: hatua mbili tatu za kwenda mbali, kisha kurudi kwa kasi mpigaji anapoinua kichwa. Na msisahau mpira wa kurusha, ambao makocha wengi hawaufanyii mazoezi kabisa. Anayeupokea moja kwa moja hahesabiwi kuotea. Mshambuliaji asimame nyuma ya beki wa mwisho. Beki akirudi kumlinda, kiungo anapata nafasi ya kupokea mbele yake, na akimwacha, rusheni mpira kwake.