Karani wa hesabu na mashine isiyojua iko nchi gani

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mtu wa ofisini afanye nini ili ujuzi wake usipitwe na wakati, ilhali akili mnemba inazidi kumpokonya kazi? Wengi watajibu "jifunze kompyuta", ushauri usio na pa kushika. Mimi nitamjibia karani wa hesabu peke yake, yule anayeshika mishahara na kodi za kampuni ndogo hapa Uganda, pale Kampala, Mbarara au Busia.

Kazi ya kunakili imekwisha, tusidanganyane. Kuingiza risiti mojamoja kwenye Excel, kulinganisha taarifa ya mobile money na daftari la mauzo, kuandika barua ya kudai deni: hayo mashine ya akili mnemba huyamaliza kabla chai haijapoa. Anayelipwa sasa ni yule anayejua mashine imekosea wapi. Bahati nzuri, makosa yake mengi hujirudia, na mtu anaweza kuyajifunza kama alivyojifunza majedwali ya kuzidisha.

Chukua mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Iulize mashine kwa Kiswahili makato yake ni kiasi gani. Kiswahili kingi kilichomo mtandaoni kimeandikwa Tanzania na Kenya, basi usishangae ikikupa hesabu za jirani: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, tarehe 20. Kwetu Uganda VAT ni asilimia 18, ritani za VAT na PAYE (kodi ya mshahara) ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri. Kosa la namna hiyo utalinasa hata ukiwa na usingizi.

Lililojificha ni hili. Kenya na Tanzania, mchango wa mfanyakazi wa NSSF hutolewa kwanza, ndipo PAYE ikatozwa kwenye kinachobaki. Uganda PAYE hutozwa kwenye mshahara mzima. Kwa jedwali tulilolizoea tangu 2012, lile linaloanza kutoza juu ya 235,000, anayepita 410,000 hulipa 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kinachozidi 410,000. Kwa huyu wetu ni 25,000 + 237,000 = 262,000. NSSF 60,000. Mkononi anabaki na 878,000, kabla ya kodi ya huduma ya mtaa inayokatwa Julai hadi Oktoba. Mashine ikitanguliza NSSF, PAYE inatoka 244,000, pungufu 18,000. Wafanyakazi 12 wa mshahara huo, kwa mwaka mzima, ni 2,592,000 ambazo URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, itamdai mwajiri pamoja na riba. Na karatasi iliyotolewa na mashine ilikuwa imepangwa vizuri kweli, kila safu imenyooka.

Kwa hiyo usiiombe jibu, iombe fomula. Bandika jedwali la URA lenyewe, taja nchi na mwaka wa fedha, sema wazi kwamba NSSF haipunguzi mshahara unaotozwa PAYE, kisha iandike fomula ya Excel. Mashine hizi hubashiri neno linalofuata. Hesabu ndefu ikifanywa ndani ya maneno huteleza, lakini Excel haibashiri. Fomula ikija, ipime kwa mishahara ambayo umeshaikokotoa kwa mkono: 235,000 itoe sifuri, 335,000 itoe 10,000, 410,000 itoe 25,000, 1,200,000 itoe 262,000. Ikikosea kwenye 410,000, mara nyingi inatoza asilimia kwenye mshahara wote badala ya ziada tu. Ongeza jaribio moja la 11,000,000, ambalo lazima litoe 3,302,000, kwa kuwa juu ya milioni 10 kuna asilimia 10 nyingine na fomula za haraka huisahau. Huo kwa kawaida ni mshahara wa bosi, na hapo si pa kukosea.

Upande wa risiti nao una mitego. Tangu EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, ianze Januari 2021, huwezi kudai urejeshewe VAT ya manunuzi bila ankara ya kielektroniki yenye FDN, namba inayotolewa na mfumo huo. Mashine ukiipa picha ya risiti ya mkono kutoka Kikuubo, soko la jumla la Kampala, itaisoma bila wasiwasi na kuipanga pamoja na nyingine. Iamuru itenge safu ya FDN, na isipoiona iache wazi, isibuni. Bei iliyokwisha jumlisha kodi pia huichanganya: kwenye 1,180,000, VAT ni 180,000, yaani zidisha kwa 18 ugawe kwa 118. Anayezidisha moja kwa moja kwa asilimia 18 anapata 212,400. Tarehe kama 03/04 hugeuzwa kimarekani ikawa Machi. Na karatasi za risiti za siku hizi hufifia, kwa hiyo piga picha siku ileile.

Kabla ya kupakia chochote, ondoa majina, NIN (namba ya kitambulisho cha taifa), TIN (namba ya mlipakodi) na namba za simu; mahali pake weka M1, M2, M3. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inamhusu hata mwenye kampuni ya watu 6.

Kuhusu masomo, mtihani wa ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda, bado una uzito kuliko cheti cha mtandaoni cha wikendi moja, kwa sababu unakufundisha kodi ya nchi hii. Asiyeweza ada aanze na saa mbili kwa wiki za Power Query (zana ya Excel ya kusafisha data) na jedwali egemeo (pivot table), halafu afungue daftari la makosa: tarehe, alichouliza, ilichojibu, kilicho sahihi, kifungu cha sheria. Baada ya miezi mitatu daftari hilo linafaa kuwekwa mezani siku ya usaili.

Bajeti husomwa Juni, na mabadiliko ya kodi kwa kawaida huanza Julai 1. Siku hiyo pakua jedwali upya na urudie majaribio yote matano kabla hujagusa mishahara, maana mashine huenda bado inakumbuka ya mwaka jana.