Ndege au viatu vya askari?

Ndugu, umeuliza kwa nini fedha za kupambana na ujangili zinunue ndege wakati askari wa wanyamapori hawana hata viatu. Uchungu wako naungana nao, ila vitu hivi vinategemeana. Selous ya zamani, pori la akiba la kusini mwa Tanzania, ilikuwa kama kilomita za mraba 50,000; kwa miguu huimalizi. Rubani wa ndege ndogo anaona tumbusi wamejazana juu ya mti, dalili ya mzoga, au moshi mwembamba wa kambi ambako majangili wanakausha nyama, anataja mahali kwa redio. Kazi ya kukamata inabaki kwa vijana walio chini, na kama redio yao imekufa chaji, taarifa hiyo imepotea.

Hasara tuliiona: miaka ya 1970 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000, sensa ya 2013 ikakuta kama 13,000 tu.

Na angani si salama. Januari 2016, huko Maswa, pori la akiba la kaskazini mwa Tanzania, rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa na majangili waliomfyatulia risasi kutoka chini akiwa kwenye helikopta.

Mimi ningeanza na redio, viatu, maji na posho inayolipwa kwa wakati, kisha mafuta ya ndege.