Roboti langu la mita 20 linaonekana kama toi, niongeze poligoni?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi niko Nkuhungu hapa hapa Dodoma, natengeneza roboti la kivita kwenye Blender, ile programu ya kuunda vitu vya 3D, yale makubwa ya hadithi za kisayansi, nimeliwekea urefu wa mita 20. Nimepandisha sabdivisheni (kugawa nyuso za modeli ziwe ndogo ndogo) mpaka 4 ila nikirenda, yaani nikitoa picha kamili, bado linaonekana toi la plastiki, na laptopu yangu ya RAM 8 inaganda. Kuna jamaa anauza flashi yenye Blender Pro na tekscha za 8K, zile picha kubwa za kuvalisha modeli, kwa elfu 45, anasema hiyo ndo itaondoa uplastiki. Ninunue?

JIBU: Usinunue mdogo wangu, hiyo elfu 45 kama bado unayo kaa nayo. Swali hili nalipata kila mara, kinachobadilika ni jina la roboti tu, na kila mara katikati kuna mtu kashamwambia kijana kwamba ukubwa unatokana na wingi wa poligoni, zile nyuso ndogo bapa zinazounda modeli. Hilo neno linaniuma kwa sababu linaua kazi za watu wenye vipaji kabisa.

Piga hesabu mwenyewe. Kila ukipandisha sabdivisheni ngazi moja, kila uso unagawanyika mara 4. Modeli yenye nyuso 40,000 ukiipeleka ngazi ya 4 unakuwa umeizidisha mara 256, yaani umefika milioni 10 na ushee, hapo laptopu ya RAM 8 lazima igande tu, haina kosa. Alafu umepata nini? Sabdivisheni kazi yake ni kulainisha, inakula kona zote zinakuwa kama kipande cha sabuni kilichokaa bafuni wiki mbili, kwaiyo hicho unachokiita uplastiki umekitengeneza mwenyewe, na kila ukiongeza ndo unazidi kukiongeza.

Chuma kikubwa kina kona kali. Tuseme ukingo wa bamba la kifuani umeuviringisha kwa sentimita 30, ukilipunguza roboti lako mara 100 unapata toi la sentimita 20 lenye ukingo wa milimita 3, na hivyo ndivyo midoli ya dukani ilivyo, jicho linaijua hata kama mtu hawezi kukueleza kwa nini. Weka beveli, yaani kona iliyokatwa kidogo, ya sentimita 2 au 3, ipate kamstari kembamba ka mwanga basi. Na kama ulikuwa unavuta vipande kwa skeli bila kubonyeza Ctrl+A kuithibitisha, beveli itatoka upande mnene upande mwembamba, kalirekebishe hilo kwanza.

Sasa ukubwa wenyewe. Jicho linapima kitu kwa kulinganisha na kitu linachokijua. Mita 20 ni kama jengo la ghorofa sita, je kwenye roboti lako kuna mlango wa kuingilia dereva? Kuna ngazi, kuna chuma cha fundi kujishikia? Kama hakuna, alafu bolti umezichora kubwa kama kichwa cha mtu, mtazamaji atajua vipi? Nenda Mtumba au popote wanapojenga barabara, simama mbali na mitambo, uitazame eskaveta hata nusu saa. Angalia mkono unavyokunjwa na silinda ya haidroliki, angalia pini kwenye maungio, ile mipira ya mafuta imeachiwa ulegevu ili mkono ukinyooka isikatike, grisi imenata vumbi letu jekundu kuzunguka pini, rangi imekwisha kwenye meno ya ndoo chuma kinang'aa lakini juu kwenye kibanda cha dereva rangi bado nzima. Hayo ndo yanaitwa maelezo ya mtambo, na mengi hayahitaji hata poligoni. Bolti ziwe 2,000, ukizinakili kwa Alt+D zote zinatumia meshi moja, yaani umbo moja la nyuso, na laptopu haitahangaika, ila ukitumia Shift+D kila moja inabeba meshi yake.

Kamera iweke usawa wa macho ya mtu, mita 1.6, iangalie juu. Usififishe nyuma, ule ukungu wa lenzi unafanya hata mlima uonekane wa kuchezea. Na ukifika kwenye animesheni punguza mwendo. Jiwe likidondoka kutoka mita 20 linachukua sekunde 2, kutoka urefu wa mtu ni kama sekunde 0.6, kwaiyo roboti lako likitembea inabidi liwe taratibu zaidi ya mtu mara 3 na nusu hivi. Gundam, roboti la kwenye katuni za Kijapani, lile la mita 18 lililosimamishwa Yokohama, Japani, kuanzia 2020 mpaka 2024, tafuta video uone lilivyokuwa linanyanyua mguu polepole, tena limeshikiliwa kiunoni.

Turudi kwa huyo muuzaji, maana yeye ndo tatizo kubwa kuliko modeli yako. Blender Pro haipo. Blender ni bure, mwaka 2002 kampuni iliyokuwa nayo ilipofungwa watu walichangishana euro 100,000 ili msimbo wake uachiwe wazi kwa kila mtu, na mpaka leo unaipakua kwenye tovuti yake yenyewe kwa bando lisilofika GB 1. Mtu anayekuuzia hicho kitu anauza jasho la waliochanga. Na hizo tekscha, picha moja ya 8K ikifunguka inakula MB 256 za kumbukumbu, weka picha ya rangi, ya ukwaruzo na ya nomo (inayoigiza mabonde na vinundu vya uso) kwa kipande kimoja tu ni MB 768, utakuwa umenunua kuganda. Nyingine kwenye hizo flashi ni modeli zilizonyofolewa kwenye magemu ya watu, ukizituma kama kazi yako jina linaharibika kabla halijajengeka. Kuna kijana kaniletea laptopu baada ya kufungua programu ya kukraki, yaani iliyovunjwa kinga yake ya leseni, faili zote zimefungwa na kirusi, kazi ya miezi minane, sikuweza kumwokolea hata moja, na alikuwa hana kopi.

Kama flashi ulishapewa uionje usifungue chochote ndani yake. Kopi faili zako za Blender kwenye diski nyingine leo, alafu toa sabdivisheni zote, anza upya na mguu mmoja tu, pembeni yake msimamishe mtu wa mita 1.7, urende, unitumie hiyo picha.