Mmoja anataka elfu sita kwa mita, mwingine laki nne: nani ananiibia?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Chuno, Mtwara. Bafu letu ni mita 1.5 kwa 2.4, choo kimo humo humo, na tunaoga kwa ndoo, watu watano. Ukutani kuna lipu ya zamani, chini ni niru, ile simenti laini. Nataka tailizi sakafuni, na ukutani ziishie juu kidogo ya mlango. Fundi wa kwanza kasema sh. 6,000 kwa mita, vifaa juu yangu, siku mbili kamaliza. Wa pili anataka sh. 400,000 za ufundi peke yake, siku nane, na kaniandikia ninunue dawa ya kuzuia maji. Mume wangu anasema huyo wa pili kaona bati jipya akajua tumeuza korosho. Mimi nauliza, tailizi yenyewe si ndiyo inayozuia maji? Na bei halali ni ipi?

JIBU: Marahaba, dada. Hilo la tailizi kuzuia maji naulizwa kila wiki, na kila mwaka korosho zikishalipwa naulizwa kila siku. Ngoja nimalize bei kwanza, maana bei ni fupi.

Kuta zako nne ukizizungusha ni mita 7.8. Ukipanda hadi mita 2.1 na kutoa mlango, unabaki na kama mita za mraba 15. Sakafu ni 3.6. Jumla 18.6. Fundi wa elfu sita atachukua sh. 111,600 kwa siku mbili, sawa na sh. 55,800 kwa siku. Wa laki nne, kwa siku zake nane, anapata sh. 50,000 kwa siku. Mwonyeshe mzee hesabu hiyo, kisha mwulize tena mwizi ni nani. Kwa siku moja ya jasho, yule wa bei rahisi ndiye mnayemlipa zaidi.

Kwa hiyo mnachobishania ni zile siku sita za katikati. Fundi wa pili kaziweka, wa kwanza kazifuta. Ndani yake kuna kugonga lipu yote ya zamani na kubandua inayolia kibuyu, kuipiga upya ikae timazi, kuichimba niru kwa tindo ili kitu kipya kishike, kumwaga mteremko mpya kuelekea tundu la maji, kupaka dawa mara mbili, na kujaza maji kupima. Kubandika tailizi kunakuja mwisho, na ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yote. Tena hizo nane ni siku za kazi. Kutakuwa na siku za kusubiri vitu vikauke ambazo hamtamwona kabisa. Msimpigie simu za lawama.

Sasa turudi kwenye swali lako.

Tailizi haizuii maji, dada. Chukua tailizi ya ukutani, igeuze, mwagia maji kijiko kimoja mgongoni. Utayaona yanavyonywewa kama yamemwagwa kwenye chungu kipya. Tailizi za ukutani za kawaida hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Uso wake tu ndio umepakwa kioo. Zile nzito za poselini hunywa asilimia 0.5 au pungufu, hizo kweli hazipitishi, lakini hata ukibandika poselini bafu zima, kati ya moja na nyingine kuna mstari wa groti, na groti ni simenti. Siku moja ambayo bafu la jirani limekauka vizuri, dondoshea tone la maji kwenye mstari wa groti ukae uliangalie. Litatulia kidogo, halafu mstari utabadilika rangi na tone litakuwa limekwenda. Lilipokwenda tone hilo ndipo yanapokwenda maji ya kuoga.

Na usiseme "sisi tunaoga kwa ndoo tu, hatuna shawa." Hilo nalo nalisikia sana, kana kwamba ndoo ni jambo dogo. Watu watano, asubuhi na jioni, ndoo ya lita 20 kila mmoja: hizo ni lita 200 kwa siku. Pipa zima linamwagwa kwenye mita 3.6, tena kwa kata, yakipiga ukuta. Mwisho kuna ile ndoo inayoinuliwa na kumwagwa yote kwa mkupuo. Wa shawa analowesha kona moja. Nyie mnalowesha bafu lote.

Kinachozuia maji ni kile kinachokaa nyuma ya tailizi: dawa inayopakwa kwa brashi juu ya lipu na mteremko, mara mbili, mpako wa pili ukikatiza wa kwanza, kwenye kona zote kitambaa cha wavu kimelazwa ndani yake, na kuzunguka tundu la maji pia. Sakafu yote, kisha ipande ukutani walau sentimita 30 kila upande, na ule upande mnaosimama kuogea ipande hadi urefu wa mtu. Ikikauka, tundu linazibwa, maji yanajazwa sentimita mbili tatu, mstari wa penseli unachorwa ukutani, mnakwenda kulala. Baada ya saa 24 mnaangalia mstari. Hakuna mtambo hapo. Lakini nimewahi kufukuzwa kazini kwa sababu ya kipimo hicho, mwenye nyumba akidai nimekuja kumjazia kisima ndani.

Nikupe kisa cha Lindi, Mitwero, nyumba haina hata miaka mitatu. Niliitwa "kubadilisha tailizi mbili zilizoachia." Nilitoa sarafu ya shilingi mia mbili nikaanza kugonga kutoka mlangoni. Tailizi iliyoshika inalia ti, kavu. Isiyoshika inalia ko, kama mlango wa kabati. Ukuta wa kuogea ulilia ko kuanzia chini hadi usawa wa bega. Nikaingiza tindo kwenye ile iliyokwisha kulegea, ikatoka nzima bila kuvunjika, na hiyo peke yake ni aibu. Nyuma yake kulikuwa na madonge matano ya simenti: manne pembeni, moja katikati, yamepangwa kama kete. Pote palipobaki ni uwazi, na ndani ya uwazi maji yalikuwa yamesimama, meusi, na harufu ninyi mnaoijua mnaijua. Tukahamia chumba cha watoto upande wa pili wa ukuta huo huo. Lipu ilikuwa imevimba mapovu, chini unga mweupe umemwagika kama wa muhogo, mgongo wa kabati la nguo umeota fangasi. Mama mwenye nyumba alikuwa amepaka rangi ukuta ule mara tatu. Aliambiwa ni "unyevu wa bahari."

Unyevu wa bahari! Bahari tunayo tangu enzi za majahazi. Mikindani kuna kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilizosimama miaka mingi kuliko babu zetu. Unga ule mweupe ni chumvi. Maji yakipita kwenye tofali yanaiyeyusha, yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki, inaganda na kuisukuma lipu itoke. Chumvi nyingine huletwa na mafundi wenyewe: mchanga wa ufukweni, kwa sababu ni wa bure, na maji ya kisima cha pwani yasiyonyweka. Ukitaka kujenga na kitu hicho, shauri yako. Mimi mchanga nanunua wa mtoni na maji ya kuchanganyia nachota yanayofaa kunywa.

Madonge matano ndiyo siri ya siku mbili. Donge linafunika upungufu wote: ukuta uliopinda, unaongeza donge, tailizi inakaa sawa kwa macho, mwenye nyumba anafurahi, fundi anachukua chake anakwenda Masasi. Bafuni tailizi inatakiwa ishike mgongo karibu wote, asilimia 95 ndicho kiwango kinachotajwa kwa sehemu za maji, na njia ya kufika hapo ni gundi ya tailizi iliyotandazwa kwa mwiko wenye meno juu ya ukuta ambao tayari umenyooshwa. Ukimwona fundi hana mwiko wa meno kwenye mfuko wake, hata salamu usimalizie.

Wapo pia wa simenti tupu. Tangu kiwanda cha Dangote kizinduliwe hapa kwetu mwaka 2015, ukitaja gundi unaangaliwa kama mgeni: "Simenti inatengenezwa Mtwara, ya nini kununua gundi?" Simenti tupu iliyokorogwa kama uji husinyaa ikikauka. Kwenye tailizi ya zamani inayonywa maji, iliyolowekwa vizuri, ilikuwa inashika. Kwenye poselini, isiyonywa kitu, haina pa kushika, inakaa kama nzi kwenye kioo. Kisha kuna wa tailizi juu ya tailizi mbovu, wa kupaka silikoni juu ya groti iliyopasuka akaita hiyo ni tiba, na mbaya kuliko wote kwangu ni muuza chupa ya asidi. Anakuja kukusafishia weupe kwenye groti. Inatoa povu, inang'aa, unampa hela. Povu lile ni simenti ya groti yako inayoliwa. Mwezi ujao mistari imekuwa na mashimo, maji yanaingia kwa raha, weupe umerudi mara mbili, naye amerudi na chupa nyingine. Huyo ana kazi ya kudumu.

Nimetoka kwako kidogo, najua. Lakini kila nyumba ninayobomoa bafu huwa nasikia maneno yale yale, "tulitaka kuokoa hela", na kubomoa siku zote ni ghali kuliko kujenga: unalipia kung'oa, kifusi, tailizi mpya, na siku za kwenda kuoga kwa jirani. Ile akiba ya karibu laki tatu unayoiona leo, utampa fundi wa kubomoa.

Haya, vifaa vyako, haraka. Ukutani, ukichukua za 30 kwa 60 ambazo boksi lake mara nyingi lina nane, mita 1.44, nunua maboksi 12, hapo nimeshaongeza sehemu ya kumi ya kukata na kuvunjika. Sakafuni chukua 30 kwa 30 zenye uso mkavu, vipande 44. Zile zinazong'aa ziache sebuleni, bafu la ndoo na povu la sabuni si mahali pa kung'arisha. Gundi mifuko mitano ya kilo 20. Bei za dukani sikuandikii, uliza siku unayonunua, maana zinabadilika kila mzigo unapofika kutoka Mkuranga au Chalinze. Nunua zote siku moja na uangalie namba ya rangi kwenye kila boksi ilingane. Ongeza boksi moja uliweke chini ya kitanda, kwa sababu mwaka kesho tailizi hiyo hiyo hutaipata Mtwara.

Fundi wa pili usimkubalie kichwa kichwa nami sijamwona. Mwambie aandike kwenye karatasi: lipu itagongwa yote, mteremko utakuwa sentimita moja na nusu au mbili kwa kila mita, dawa mara mbili, maji yatajazwa saa 24 wewe ukiwepo. Mlipe kwa vipande, na kipande kikubwa kibaki hadi ugonge ukuta kwa sarafu yako mwenyewe. Akikubali yote hayo kwa laki nne, mpe kazi. Wa kwanza naye mwulize atafanya nini na lipu ya zamani. Akisema "hiyo haina shida, groti itaziba", mpe maji ya kunywa umsindikize.

Na mlango, kabla sijasahau: mteremko, gundi na tailizi vitaipandisha sakafu kwa sentimita tatu au nne. Kama mlango wenu unafungukia ndani, mwite seremala aukate chini kabla, maana mafundi tailizi hukumbuka jambo hilo siku ya mwisho, wakiwa wamefungiwa humo ndani.